Kupe wa Milango Miwili

Katika biashara ya magari yaliyokwisha kutumika liko swali moja ambalo, kwa maoni yangu, limewatia watu hasara kuliko injini mbovu na giaboksi zilizochoka zikijumlishwa pamoja. Swali lenyewe ni hili: "Huniamini?" Huulizwa kwa sauti ya upole, pengine mkono ukiwa begani, mara tu mnunuzi anapoinama kutazama uvungu wa gari. Na kwa kuwa tumelelewa kuona haya kumwonyesha mtu mzima kwamba tunamshuku, mnunuzi hujinyoosha, akapangusa magoti, akasema, "Hapana, kaka, nakuamini." Hapo biashara imekwisha. Kilichobaki ni kuhesabu fedha.

Nasema wazi kwamba swali hilo ni la hila hata linapoulizwa na mtu mwema. Anayeliuza gari huenda ni mkweli kuliko kadhi, lakini hajui lilifanyiwa nini Nagoya kabla ya kupakiwa melini, wala hajui mmiliki aliyemtangulia aliligonga wapi na kulinyoosha kwa nani. Kumwamini yeye hakuzibi pete za pistoni zilizokwisha. Sembuse pale tunapoongea si na mwenye gari bali na dalali, ambaye gari hilo amelijua tangu asubuhi na ambaye katika bei mnayotajiwa tayari ameshaweka cha juu chake.

Nataka kuzungumzia hasa gari la spoti la milango miwili, kwa sababu ndilo linalonunuliwa kwa moyo kuliko magari mengine yote. Neno walilolipa Wafaransa maana yake ni kitu kilichokatwa, na wakilitamka masikioni mwetu husikika "kupe". Sisi tunaye mdudu wa jina hilo, na kila mfugaji anajua kazi yake. Mtu anayenunua pikapu huuliza inabeba magunia mangapi. Anayenunua basi dogo huuliza linaingiza kiasi gani kwa siku. Lakini anayenunua kupe hana hesabu ya kumzindua. Analipenda. Amelipenda tangu alipoona picha yake, na siku ya kuja kuliona amekuja kulichukua, si kulikagua. Madalali wanajua jambo hili vizuri kabisa, ndiyo maana gari la namna hii huoshwa, hupakwa nta, huvishwa rimu za kuazima, na injini huwashwa robo saa kabla mnunuzi hajafika.

Hebu tuchukue gari moja ili tusiongee hewani. Toyota Celica ya kizazi cha saba ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, na baada ya hapo jina hilo, lililoanza 1970, likapumzishwa. Kwetu Tanzania ndiyo kupe ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuiota bila ndugu zake kumpeleka kuombewa. Ni ndogo, ina pua kali, inakaa chini, na ikipita watoto hugeuka. Ni gari zuri, silikanushi. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoinunua.

Upotovu wa kwanza uko kwenye kibao cha namba. Mtu akiambiwa kuna Celica inauzwa, swali la kwanza ni "Namba gani?" Akijibiwa "D" uso unang'aa, akijibiwa "A" uso unakunjamana. Ati namba ndiyo umri! Herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haielezi lilitoka kiwandani lini, wala lilikaa miaka mingapi kwenye theluji ya Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi ikala uvungu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mlango wa Mombasa ulifungwa kwa Celica zaidi ya mwongo mmoja uliopita. Kwetu hakuna katazo la namna hiyo. Gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi, likapita. Basi Celica inaweza kuwa na herufi ya juzi na umri wa miaka ishirini na ushee. Iliyo changa kuliko zote duniani ni ya 2006. Kumlipa mtu nyongeza kwa ajili ya herufi ni kununua bati la kibao kwa bei ya injini.

Umri na asili ya gari vimeandikwa kwingine. Fungua boneti uitafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati, kisha uilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, huku ukipitisha kidole kuona kama bati lile limechomelewa au kusuguliwa. Kama namba inaanza na ZZT230, gari hilo lilitoka na injini ya 1ZZ yenye nguvu farasi 145. Kama inaanza na ZZT231, lilitoka na 2ZZ, ya nguvu farasi 190. Zote ni za sisi 1800 na kwa mbali zinafanana, kwa hiyo kubandika nembo ya kaka mtu nyuma ya mdogo mtu ni kazi ya dakika mbili na gundi. Kwenye kile kibati kidogo cha kiwanda pia kuna namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya Toyota, 202 ni nyeusi. Ukiona gari jekundu linalojitaja kuwa 040, usigombe na mtu. Uliza tu lilipakwa upya kwa sababu gani, kisha utazame macho ya anayejibu.

Nikifika kwenye bodi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kujiona wajanja. Mnunuzi wetu husikiliza injini na kutazama rangi. Mimi nasema katika kupe bodi ndiyo gari, na injini ni kitu cha pili. Injini ya 1ZZ imo kwenye Wish, imo kwenye Opa na imo kwenye Allion. Ikifa, nyingine itapatikana, fundi ataifunga, utalia siku mbili na maisha yataendelea. Lakini mlango wa Celica uko kwenye Celica tu. Taa zake za mbele, kioo chake cha nyuma, fenda zake, hakuna gari jingine mtaani la kuazima. Na zaidi ya ughali wa vipuri kuna jambo la roho za watu: bodi iliyopinda na kunyooshwa kwa nyundo na moto haina tena ile nguvu iliyokokotolewa na wahandisi wake.

Basi gari litazamwe mchana, likiwa kavu. Gari lililomwagiwa maji dakika tano kabla hujafika limefichwa, hata kama limefichwa kwa kitu kinachopenyeza mwanga. Simama kwenye kona ya nyuma uchungulie ubavu wake wote kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Rangi iliyopigwa juu ya puti huonyesha mawimbi. Chukua kisumaku kidogo ukifunge katika leso usichubue rangi, upitishe juu ya mabati: kikikataa kushika, chini yake kuna puti nene. Tazama nafasi kati ya boneti na fenda, kulia na kushoto, kama zinalingana. Tazama vichwa vya boliti za fenda na za bawaba za boneti. Spana ikishapita huacha alama, na boliti ya kiwandani haina sababu ya kufunguliwa kama gari halikugongwa. Inua zulia la buti, utoe tairi la akiba, utazame lile shimo lake. Bati lenye makunyanzi pale limepata kishindo kutoka nyuma, na huwa hakuna anayekumbuka kulinyoosha kwa sababu hakuna mnunuzi anayelitazama. Milango ya kupe ni mirefu na mizito. Ifungue nusu, uishike kwenye ncha uinyanyue. Ikicheza, bawaba zimechoka. Mwisho soma maandishi madogo kwenye vioo. Vioo vyote vikiwa vya kampuni moja na kimoja ni cha kampuni nyingine, kimoja hicho kina hadithi.

Na hapa pana jambo ambalo kwangu si la ufundi tena. Magari haya yana mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi. Ikifumuka katika ajali, kuirudisha mipya ni ghali mno, kwa hiyo wako wanaokunja kitambaa, wanaweka kifuniko, na kunyamaza. Taa ya dashibodi ambayo ingesema ukweli huondolewa. Kuna namna rahisi ya kuijua hila hii, nayo haihitaji fundi. Zungusha ufunguo mpaka taa zote ziwake, lakini usiwashe injini. Taa ya mifuko ya hewa lazima iwake, ikae kama sekunde sita, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, imetolewa. Ikisubiri mpaka injini iwake ndipo izime sambamba na taa ya oili, imeunganishwa na waya wa oili ili ikudanganye. Isipozima, mfumo una hitilafu. Halafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, utazame kama umechanika nyuzi au umelika, na uuachie uone kama unarudi.

Mtaani kwetu kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua Celica nyekundu kwa akiba yake ya miaka mitano pamoja na fedha ambazo mama yake alikopa VICOBA. Alikuja na fundi. Gari likasifiwa, likalipiwa, likaletwa mtaani, tukatoka kulitazama. Miezi minne baadaye, usiku, karibu na Mlandizi, lilimparamia mkia wa lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa. Mwendo haukuwa mkubwa. Lakini katikati ya usukani hamkuwa na mfuko wowote. Mlikuwa na sponji iliyokatwa vizuri ikaenea. Taya lilivunjika, na kwa wiki nyingi mwalimu alikunywa uji kwa mrija. Mama anaendelea kulipa VICOBA kila Jumamosi. Dalali alipoulizwa alijibu jibu moja tu, na kwa mujibu wa desturi yetu ya biashara lilikuwa jibu kamili: "Si alikuja na fundi wake?"

Niseme basi juu ya huyo fundi. Maneno "njoo na fundi wako" yamekuwa sehemu ya tangazo, sawa na "gari imetulia" na "ni kuwasha na kuondoka". Yana sura ya uwazi. Lakini fundi anayekuja uwanjani kwa dalali, akalitazama gari likiwa limeegeshwa, akapiga resi mara mbili na kusema "mashine iko poa", amekagua nini? Na analipwa na nani? Aghalabu mnunuzi humpa nauli na soda, na ahadi ya kumkumbuka gari likinunuliwa. Dalali naye humwahidi chake, gari likinunuliwa. Pande zote mbili zinamlipa kwa neno moja tu, ndiyo. Tunashangaa nini akilisema? Simlaumu fundi kwanza. Nawalaumu walioupanga mshahara wake hivyo. Fundi alipwe ujira wa siku yake kamili, alipwe kabla, na alipwe sawasawa hata akisema liache. Tena awe yule atakayelitengeneza gari hilo baadaye, ili uvivu wake wa leo uwe mzigo wake wa kesho. Na gari lipelekwe kwake, penye shimo au jeki, si yeye kuletwa kwa gari. Mwenye gari akikataa lisitoke uwanjani, kwaherini. Gharama ya siku moja ya fundi aghalabu haifiki hata bei ya tairi moja la zile rimu pana.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti ukifika. Kama ni ya moto, sema utarudi kesho alfajiri, na urudi kweli. Moshi wa injini iliyochoka huonekana zaidi inapoamka. Celica za miaka ya mwanzo zenye 1ZZ zina ugonjwa unaojulikana: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa machache na madogo, yakaziba kwa uchafu, pete zikakwama, na injini ikaanza kunywa oili kama mlevi. Toyota ilizibadili pistoni hizo baadaye. Gari linaweza kuwa tulivu kabisa, lisitoe sauti mbaya, na bado likamaliza oili kati ya huduma mbili. Chomoa kijiti cha kupimia. Kama oili iko chini kabisa, au ni mpya inayong'aa kama asali huku kifuniko kimejaa masizi meusi kwa ndani, una maswali ya kuuliza. Fungua plagi zote nne uone kama zimelowa oili. Omba mgandamizo upimwe silinda moja moja. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia yasipotakiwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji maelezo.

Ile ya 2ZZ ina jambo lake la pekee. Imepangwa kubadilisha kemu inapofika mizunguko kama 6,000 kwa dakika, na hapo sauti hugeuka ghafla na gari husukuma kama limepigwa teke. Hilo teke ndilo lililolipiwa. Katika injini za mwanzo kuna boliti kwenye mhimili wa roka ambazo hulika na kukatika, na zikikatika gari linaendelea kutembea vizuri tu, bila teke. Watu wamenunua nguvu farasi 190 wakaendesha pungufu kwa miaka bila kujua, kwa kuwa waliogopa kuukanyaga. Injini ikishapata moto na oili ikiwa imejaa, mahali salama, ukanyage mara moja upite hapo. Kama hakuna kinachotokea, bei ishuke.

Barabarani, zima redio. Ni ajabu jinsi redio inavyowashwa na muuzaji kabla gari halijaondoka. Shusha vioo, katafute tuta na barabara ya mashimo, jambo ambalo kwetu si gumu kulipata. Kata kona mpaka mwisho wa usukani, kushoto na kulia, ukisogea polepole: mlio wa tak-tak-tak ni jointi za ekseli za mbele, maana Celica hii husukumwa kwa magurudumu ya mbele. Klachi ipimwe kwa gia kubwa na mwendo mdogo. Ukikanyaga mafuta na mshale wa mizunguko ukapanda huku mwendo umebaki palepale, inateleza. Ingiza gia ya pili kwa haraka kiasi usikie kama inasaga. Breki zikanyagwe bila kushika usukani kwa nguvu, uone linakwenda upande gani.

Kuhusu mapambo nitakuwa mfupi na mkali. Kupe iliyokatwa springi ili ilale chini, ikavishwa rimu zinazosugua fenda na eksozi inayoamsha wagonjwa, imefanyiwa uharibifu na mwenyewe anataka umlipe gharama ya uharibifu huo. Springi iliyokatwa kwa msumeno inakula shokapu na boljointi, na katika nchi ya matuta inavunja bampa na kukwaruza sampo. Nitamlipa zaidi mtu aliyeniachia gari kama lilivyotoka kiwandani, na vijana wanicheke. Tairi nazo zisomwe: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka. 1219 ni wiki ya 12 ya 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni mpira mkavu. Na tairi lililolika upande mmoja linarudisha mazungumzo kwenye bodi iliyopinda.

Kilomita hazina haja ya hotuba. Zinarudishwa, kila mtu anajua zinarudishwa, na bado kila mtu huziuliza. Linganisha na vitu visivyorudishwa: raba ya pedali, ngozi ya usukani, na hasa ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, kwa sababu kupe inakaa chini na dereva hujiburuza juu ya ukingo huo kila anapoingia na kutoka. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba ile hati ya kufutia usajili; mara nyingi huwa na kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa serikali yao. Omba pia karatasi ya mnada. Pale penye daraja, herufi R kwa kawaida inamaanisha gari liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni mahali paliponyooshwa na XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwagizaji anayo, au aliwahi kuiona. Akisema haipo, fahamu kwamba lililokosekana si karatasi.

Naambiwa, "Mzee, ukikagua namna hiyo hutanunua gari maisha." Nalikataa neno hili, tena kwa hasira kidogo. Dada mmoja ninayemfahamu, muuguzi, alilala na hamu ya Celica miaka miwili. Aliziacha mbili, ya tatu akainunua, na mpaka leo anaiendesha. Alipokuwa akipitisha kisumaku chake kwenye ile ya pili, dalali alimwambia kwa uchungu wa kuigiza, "Dada yangu, yaani huniamini?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Wewe nakuamini, kaka. Gari ndiyo sijaijua." Dalali alicheka, na nasikia baada ya hapo alimheshimu. Ile ya tatu haikuwa safi. Ilikuwa inakunywa oili. Lakini alijua, fundi wake alijua, na bei ilishuka kwa kiasi cha kubadilisha pete.

Wanaosema tunawaonea wauzaji kwa kukagua hawajafikiria ni muuzaji yupi anayeonewa tusipokagua. Yuko mtu aliyebadilisha oili kila kilomita 5,000, akanunua vipuri halisi, hakukata springi, akatunza risiti ndani ya bahasha. Siku anayouza, gari lake linasimama uwanjani kando ya jingine lililojengwa kwa puti na kupakwa rangi juzi. Mnunuzi anatazama yote mawili kwa macho yaleyale ya mapenzi, anauliza namba, anasikiliza mlio, na kutoa bei ileile. Pengine ya puti inapata zaidi kwa kuwa inang'aa. Huyu mwenye bahasha amefundishwa nini? Kwamba utunzaji wake ulikuwa upumbavu. Gari lijalo hatalitunza. Ndivyo soko lilivyojaa kupe wa damu yetu, na si madalali peke yao waliolijaza. Sisi tunaoona aibu kuinama ndio tunaowafukuza wakweli sokoni, halafu tunarudi nyumbani kulalamika kwamba siku hizi hakuna watu waaminifu.

Karatasi zinabaki, nazo wengi huziacha wakiwa wameshachoka na furaha. Kadi yenye jina la mtu wa tatu, ambaye aliyeuza alimwuzia aliyeuza bila yeyote kubadilisha umiliki, ni kesi inayosubiri siku yake. Faini za trafiki hufuata namba ya gari, kwa hiyo ziangaliwe kabla, na anayeuza azilipe yeye. Kadi iwe halisi, si kivuli chake. Kadi halisi ikiwa imeshikwa na mkopeshaji mahali fulani, gari hilo bado lina mwenyewe mwingine. Fedha zipite benki, si mfukoni, na zipite siku ileile ya kusaini mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, akiwepo mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi na kitambulisho chake mkononi. Mkiambiwa mwenyewe yuko safarini na amemwachia mdogo wake kila kitu, subirini arudi.